Maji ya Jumanne

Mabrouka alikuwa amekwisha fika langoni pa kituo kabla ya Inspekta Kanini, bakuli la uji mkononi, limefunikwa kwa sahani. Siku ya kumi na tatu hiyo. Siku zote kumi na tatu alikuja na bakuli hilo hilo, na siku zote askari wa zamu walimwambia angoje.

"Mama, sukari ya mzee inaendeleaje?" Kanini akamwuliza.

"Sukari ndiyo itakayomuua, si kamba yenu. Jana mguu umevimba, kiatu hakiingii. Mzee wa miaka sitini na saba, Ramadhani nzima kafunga, halafu Idd imkute humo ndani na chawa!"

"Kesho anapelekwa kortini."

"Najua. Na shtaka la kuua halina bondi, hilo pia najua. Wamenieleza mara tatu, kana kwamba mimi kiziwi." Mama yule akalitua bakuli juu ya ukuta. "Kesi kama hizi zinachukua miaka miwili kusikizwa. Huko rumande mume wangu atamaliza mwezi? Hebu niambie wewe, mwanangu, kwa sababu wenzako hawasemi."

Kanini alikabidhiwa faili jana yake jioni, tena si kwa kuchunguza. Mwenye faili alikwenda likizo, na yeye akaambiwa alifikishe kortini Ijumaa saa tatu asubuhi, basi. Kazi ya kubeba. Lakini Kanini alikuwa na ugonjwa mmoja uliowachosha wakubwa wake: hawezi kubeba faili bila kulisoma.

Na faili lenyewe, jamani! Nashon Odero, mfungaji valvu wa Kampuni ya Maji Tulia, umri miaka hamsini na mmoja, alionekana Alhamisi tarehe sita Februari 1997, amekufa sakafuni mwa tangi kavu juu ya kitongoji cha Lindi, Kibera. Daktari akaandika kwamba alizama. Mapafu yalijaa maji, na alikuwa amekufa siku mbili kabla ya kuonekana. Sasa mtu atazamaje ndani ya tangi kavu, katika mwaka ambao hata mbuzi wa Kibera wanalamba mifereji? Wapelelezi wakajipa jibu. Alizamishwa kwingine, akaja kutupwa pale. Na Kibera yote ni nani aliyekuwa na maji ya kumzamisha mtu? Walipozunguka wakalikuta tangi la uani kwa Mzee Abdelrahim, mume wa Mabrouka, Mnubi mwenye nyumba za kupanga Lindi, limejaa pomoni. Akaulizwa maji kayatoa wapi. Akasema yalikuja kwa mfereji, Jumanne. Wakamcheka, kwa sababu kampuni ilikuwa imewapa barua yenye mhuri kwamba laini ya Lindi haijapata tone tangu Januari. Juu ya hayo kulikuwa na ugomvi. Wiki moja kabla, mbele ya umati, mzee alimwambia Nashon kuwa maji anayowanyima watu mwezi mtukufu yatamtokea puani. Polisi wakaona hapo mtu amekwisha kukiri.

Mzee mwenyewe Kanini alimkuta sero, ameegemea ukuta, mguu umenyooshwa mbele.

"Ulimtisha, Mzee Abdelrahim?"

"Nilimtukana. Nilikuwa na njaa na kiu, na yeye ndiye mwenye ufunguo wa maji. Ningemtukana nani?"

"Na maji ya Jumanne?"

"Yalikuja baada ya Adhuhuri. Nilikuwa nimelala, nikasikia tangi linaita. Binti, nimesema hivyo mara ishirini. Wewe ni wa kwanza kukaa chini ukasikiliza."

Kanini akanyanyuka. Ilikuwa saa mbili u nusu asubuhi, Alhamisi, na mpaka kesho saa tatu hakukuwa na muda mwingi.

Tangi alimoonekana Nashon liko ubavuni mwa mlima, nyuma ya vibanda vya mwisho. Si kubwa. Wazee wa kazi hiyo huliita tangi la kuvunja kasi: maji hushuka kutoka paipu kubwa ya juu kwa nguvu, huingia mle yakatulia, ndipo huteremka Lindi. Ni chumba cha mawe, hatua nne kwa nne, kina cha watu wawili, na juu yake tundu la kuingilia ambalo kifuniko chake kiliibwa zamani kikauzwa chuma chakavu. Ngazi ya chuma ilikuwa imebaki vidato vitatu vya juu. Vingine vilikwisha liwa na kutu. Kanini alikuwa amejua hayo kutoka kwenye picha za faili, kwa hiyo alipita mtaa wa Laini Saba akaazima ngazi ya mbao kwa seremala mmoja, akaahidi kuirudisha, akateremka.

Alisimama kimya kwanza akaangalia kuta. Mpaka usawa wa mkono ulionyooshwa juu ya kichwa chake, ukuta ulikuwa safi. Juu ya hapo, pembe zote zilijaa utando wa buibui. Buibui hawajui barua za kampuni. Chini ya mstari ule nyumba zao zilifagiliwa, na kilichofagia pembe nne kwa usawa mmoja hakiwezi kuwa kitu kingine ila maji.

Sakafuni palikuwa na ufa mrefu uliozibwa kwa simiti mpya. Nusu ya kiraka ilikuwa laini, imepigwa mwiko vizuri. Nusu nyingine ilikuwa imetapakaa, imebaki kokoto tupu, jinsi simiti inavyokuwa ikipigwa na maji kabla haijakauka. Akapiga magoti kwenye paipu ya kutolea maji, akaingiza mkono, akagusa mpini. Akavuta. Mwiko wa fundi, umejipachika ndani ya paipu, umeandikwa kwa msumari herufi mbili: N.O.

"Ala!" Kanini akasema peke yake. Mtu aliyeletwa kutupwa haji na mwiko wake.

Kisha akashika ngazi yake ya mbao apande, akainua macho, ndipo alipoona. Chini kidogo ya kidato cha mwisho cha ile ngazi ya kutu, juu ya mstari wa maji, palikuwa na alama za vidole vya simiti. Vitano, vimeburutwa kuelekea chini. Pembeni yake vingine vitano. Na vingine. Hakuna mtu anayeweza kusimama sakafuni akafika pale. Nashon aliinuliwa na maji mpaka karibu na kidato, akakikosa kwa urefu wa kiganja. Kanini alipiga picha tisa.

Mjane wa Nashon, Aoko, alikuwa Lindi, katika chumba kimoja chenye mlango wa mabati. Nje wanawake wa kanisani kwao walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya kuazima wakingoja siku ya kusafirisha mwili kwenda kwao Uyoma, ziwani. Walimpisha inspekta bila kumwitikia salamu.

"Mama Adhis, pole."

"Pole zimekuwa nyingi, madam. Huyo mzee mtamnyonga lini?"

"Nimekuja kuuliza juu ya Jumanne asubuhi. Nashon aliondoka na nini?"

"Aliondoka na kazi yake."

"Simiti?"

"Nusu mfuko. Na mwiko. Alikuwa likizo, lakini kampuni ilileta mtu hapa Jumatatu, wakamwambia kuna kazi ndogo, aifanye kimya kimya. Nashon hakuwa mtu wa kukataa. Akasema anaenda kuziba ufa wa tangi lake."

"Hilo halipo kwenye taarifa yako."

"Askari aliniuliza kama mzee wa Kinubi alimtisha. Nikasema ndiyo. Akafunga kitabu."

Kanini akaandika. "Alikuwa anajua kuogelea?"

"Nashon?" Kwa mara ya kwanza uso wa Aoko ulilegea. "Watu walimcheka sana kwao. Mtu wa ziwani anaogopa maji! Kakake mdogo alizama wakiwa watoto, akaapa hatatia mguu ziwani tena. Hata mashua hapandi. Na bado kazi aliyoipata Nairobi ni ya maji, madam, maisha haya."

"Sasa nisikilize vizuri. Jumanne hiyo, mchana, mfereji wa hapa ulitoa maji?"

Wanawake waliokuwa mlangoni wakatazamana. Mmoja akakohoa.

"Mimi sikuja kumkatia mtu maji," Kanini akasema kwa sauti wasikie wote. "Bila jibu hili kuna mtu atakufa."

"Yalikuja," Aoko akasema. "Saa saba hivi. Si siku yetu, siku yetu ilikuwa Jumamosi, na hata hizo Jumamosi zilikuwa zimekwisha. Yalikuja kwa nguvu, machafu kwanza, yana rangi ya simiti, halafu yakawa safi. Saa moja na nusu nzima! Watu walikimbia na mitungi, na sufuria, na mabeseni ya watoto. Tulipiga vigelegele. Nilijaza mitungi saba. Nikamwosha mwanangu Adhis, nikafua. Nikasema Nashon ametukumbuka." Akaangalia mikono yake. "Nilikuwa namngoja arudi nimwonyeshe."

Kanini alikuwa na kalamu mkononi lakini hakuandika. Aliyajua maji yale yalikotoka, na alijua kwamba huyu mama atakuja kuambiwa, na pengine ni yeye atakayemwambia. Si siku hiyo. Aliaga, akatoka, na wanawake wale safari hii wakamwitikia.

Ofisi ya Kampuni ya Maji Tulia ilikuwa na feni, na meza pana, na nyuma ya meza Bi Wakarima, meneja wa eneo. Mwanamke nadhifu, mwenye sauti ya taratibu. Ndiye aliyetia sahihi ile barua.

"Laini ya Lindi ilifungwa lini?" Kanini akauliza.

"Tarehe kumi na tatu Januari."

"Na tangu hapo haijaguswa?"

"Haijaguswa. Inspekta, nchi nzima ina ukame. Mabwawa yameshuka. Mimi sina uwezo wa kunyesha mvua."

"Na Nashon alikuwa likizo."

"Likizo ya mwezi mmoja. Alichokifuata pale tangini mimi sijui."

"Jumanne watu wa Lindi walichota maji saa moja na nusu."

"Watu wa Kibera wanasema mambo mengi."

"Tangi halijui kusema. Nimeingia ndani, nimeona mstari wa maji na kiraka kilichopigwa na maji kabla hakijakauka."

Wakarima akazisogeza karatasi zake, akazirudisha zilipokuwa. "Basi itakuwa valvu ilipitisha. Zile ni kuukuu, zina miaka arobaini. Zinapitisha kidogo hata zikifungwa. Lakini fundi aliikaza siku hiyo hiyo."

"Fundi yupi?"

Feni ikazunguka.

"Bi Wakarima, umesema valvu haijaguswa tangu Januari, na mwenye zamu yuko likizo. Ni fundi yupi aliyeikaza Jumanne?"

"Kuna kibarua," akasema hatimaye. "Wepukhulu. Tulimchukua mwezi wa kumi na mbili. Na ukitaka kujua, hajaonekana kazini tangu siku hiyo. Mtafute huyo. Nasikia walikuwa hawapatani. Kama kuna mtu aliyemfungulia Nashon maji akiwa ndani, ni yeye, si kampuni."

"Anakaa wapi?"

"Kawangware. Nyuma ya kituo chetu cha malori ya maji."

Kumbe! Dakika tano nyuma mama huyu hakujua lolote, na sasa alikuwa na jina la muuaji, sababu ya kuua, na mahali pa kumkamatia. Kanini alimshukuru. Alikuwa amezoea watu wa namna hiyo. Ukimbana mlango mmoja atakutolea mtu wa kumtupa nje kwa mwingine. Hata hivyo huenda alisema kweli. Mtu akifungua valvu huku mwenzake yuko ndani ya tangi, jambo hilo lina jina, na jina lake ni kuua. Ila Kanini hakutaka kuuliza juu ya valvu kwa mtu aliyeijua kwenye karatasi tu.

Alimpata Kitheka kando ya reli, Laini Saba, ameketi juu ya debe, chuma cha moto mkononi, akiziba mtungi wa plastiki uliopasuka. Mzee huyu alifunga valvu pamoja na Nashon miaka kumi na tisa. Mwaka juzi kampuni ilipowapunguza watu kazi, wakongwe wote waliondolewa, akabaki Nashon peke yake.

"Nilijua mtakuja," akasema. "Sikujua mtachukua wiki mbili."

"Mimi nimeanza leo asubuhi, mzee."

"Haya basi, umefika mbali." Akauweka mtungi chini, akaingia kibandani mwake, akatoka na chuma kirefu chenye mkono wa msalaba, ufunguo wa valvu. "Nilipaswa kuurudisha. Ukitaka kunikamata, nikamate tukirudi."

Shimo la valvu lilikuwa hatua sabini juu ya tangi, nyuma ya kichaka cha lantana. Kutoka pale huoni tangi. Unasikia sauti tu, mtu akipaza. Kitheka akafunua ubao, akaingiza ufunguo mpaka ukanasa, akamwachia Kanini ule mkono.

"Sasa hivi valvu imefungwa, lakini inapitisha kidogo. Unasikia inavyopumua? Nashon yuko chini, anapiga simiti, anaona maji yanamtiririkia, simiti haitashika. Atafanya nini?"

"Atamwambia mtu wa juu aikaze."

"Haya. Kaza."

Kanini akashika mkono wa msalaba kwa mikono miwili, akazungusha kulia, kama anavyofunga mfereji wa nyumbani, kama anavyofunga chupa. Ilikuwa ngumu. Akaongeza nguvu. Chini ya miguu yake paipu ikanguruma, na huko tangini akasikia kishindo cha maji yakipiga sakafu ya mawe.

"Umefungua," Kitheka akasema.

"Nimezungusha kulia!"

"Ndiyo kosa lenyewe. Hizi zililetwa na Wazungu, ziko saba mlima huu mzima. Zinafungwa kushoto. Zote mpya zinafungwa kulia. Sisi tulizijua kwa mkono. Ukikaa na valvu miaka ishirini, huhitaji kusomewa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wale waliotuondoa walitaka turudishe makoti ya mvua na viatu. Tukarudisha. Nashon akabaki na hizo saba kichwani mwake."

"Haikuandikwa popote?"

"Nani aandike? Ukiandika, kesho wanaajiri anayejua kusoma, wewe unaenda nyumbani. Tulificha kidogo, nakuambia ukweli. Tulidhani kwa kuficha watatuhitaji." Mzee akatema mate pembeni, na macho yake yalikuwa mekundu. "Na haya maji unayoyasikia, hayo ndiyo ya ukame. Paipu kubwa imejaa siku zote. Inapita juu yetu inakwenda Kawangware kwenye malori."

"Funga, mzee. Ushahidi wangu uko humo ndani."

Kitheka akazungusha kushoto, taratibu, bila kutumia nguvu, ngurumo ikafa. Kanini akamwandikisha taarifa palepale, karatasi juu ya goti, akaweka saa: saa nane na dakika kumi. Sasa alijua mtu anaweza kulijaza tangi lile bila kukusudia. Alichokuwa hajui ni kama ndivyo ilivyokuwa. Mkono uliozungusha kulia ungeweza kuwa wa mjinga, na ungeweza kuwa wa mtu aliyejua vizuri sana. Hilo lilikuwa na mtu mmoja tu wa kulijibu.

Kawangware, malori sita ya maji yalikuwa yamepanga foleni kwenye uwanja wa kampuni. Paipu nene ilimwaga maji ndani ya lori la kwanza, yakafurika, yakatapakaa ardhini, na hakuna aliyejali. Kanini alipita kando yao mpaka kwenye vyumba vya mbao vya nyuma. Kwenye mlango wa nne alifungua mwanamke aliyebeba mtoto mchanga.

"Hayuko," akasema kabla ya kuulizwa.

"Viatu vyake viko."

"Mwache aingie," sauti ya mwanamume ikasema kutoka ndani. "Mimi nimechoka."

Wepukhulu alikuwa mtu mkubwa, wa miaka thelathini hivi, mabega ya kubeba mawe. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, ndevu hazijanyolewa siku nyingi. Hakusimama. Mkewe akatoka nje na mtoto.

"Mimi ni Inspekta Kanini. Sitakukamata kabla hujaniambia, lakini sitakudanganya pia. Ulikuwa kwenye valvu Jumanne?"

"Nilikuwa."

"Nani aliwatuma?"

"Madam Wakarima. Alisema tangi lizibwe kimya kimya, watu wasijue, kwa sababu kwenye karatasi lilishatengenezwa mwaka jana. Nashon aingie, mimi nikae juu na ufunguo."

"Ulikuwa umefanya kazi ya valvu muda gani?"

"Wiki mbili. Zile za huku Kawangware, mpya. Za Kibera hiyo ilikuwa siku ya kwanza."

"Mlikuwa mmegombana?"

"Na Nashon? Afande, huyo mzee alinigawia chapati yake asubuhi hiyo." Wepukhulu akafuta uso kwa kiganja. "Nilimteremsha tangini kwa kamba, nikapanda nayo mpaka kwenye valvu. Aliniambia ikipitisha, atapiga kelele, nami nikaze. Hakuniambia upande. Mimi sikuuliza. Nani anauliza upande wa kufunga?"

"Endelea."

"Akaita. 'Funga kidogo, Wepu!' Nikafunga. Akaita tena, kwa nguvu, 'Funga!' Nikasema huyu mzee valvu yake ni mbovu, nikaongeza. Akapiga mayowe. 'Funga! Funga!' Nikakaza mpaka mikono ikachubuka, ona hapa. Kila akiita, mimi nazidisha. Halafu akanyamaza." "Nikafurahi. Wallahi nilifurahi. Nikasema sasa imefunga."

"Kisha?" Kanini akauliza.

"Ndio nikasikia paipu inanguruma. Nikashuka kuangalia. Maji yalikuwa yamefika karibu na kile chuma cha ngazi na simwoni mtu. Nikakimbia nikazungusha upande mwingine. Yalipopungua nikamwona chini. Nikaenda ofisini nikilia. Madam akasema nikifungua mdomo nitanyongwa mimi, nirudi nyumbani nikae, atapanga. Siku ya tatu nikasikia wamemshika mzee wa Kinubi."

"Na ukakaa."

"Nikakaa."

"Mzee huyo ana miaka sitini na saba na mguu umevimba kwa sukari. Kesho saa tatu anashtakiwa kwa kuua. Akienda rumande hatoki. Nina mwiko, nina picha, nina taarifa ya Kitheka. Lakini wakili wa kampuni atasema mimi naota, mpaka aliyeshika ufunguo aseme mwenyewe."

"Nikisema, nitanyongwa?"

"Hukukusudia, kwa hiyo si kuua. Lakini leo utalala ndani, na utashtakiwa kwa uzembe na kwa kuficha. Bi Wakarima atashtakiwa pia, kwa kazi aliyoiagiza na kwa barua aliyoitia sahihi. Nitalisimamia hilo, ingawa siwezi kukuahidi litakwisha vipi. Huo ndio ukweli wote nilio nao."

Nje mtoto alilia, mama yake akambembeleza kwa Kibukusu. Lori moja liliondoka, lingine likaingia. Wepukhulu aliinua mikono yake miwili akaishika hewani, kana kwamba bado ule mkono wa msalaba uko mbele yake, akazungusha kidogo kulia, akaacha.

"Afande, naomba uniambie kitu kimoja," akasema. "Vile alivyoita mara ya kwanza. Kama ningekuwa mvivu. Kama ningekaa tu chini nisimsaidie. Angekuwa hai?"

Kanini alikuwa amewaambia watu wengi habari mbaya katika miaka yake ya kazi, na mara nyingine alipunguza makali. Safari hii alimtazama mtu yule machoni.

"Angekuwa hai," akasema.

Wepukhulu alitikisa kichwa, polepole, mara nyingi. Kisha akanyoosha mkono akaomba kalamu, na aliandika taarifa yake yote mwenyewe, kurasa tatu, bila kuinua kichwa. Alipomaliza kutia sahihi aliinama akavaa viatu vyake.